Jua la Utosi Saa Nane na Nusu

Sevilla, kusini mwa Hispania, jua la Julai hufika kileleni saa nane na nusu mchana. Sababu ni ya kisiasa zaidi kuliko ya maumbile: mwaka 1940 serikali ya Jenerali Franco ilisogeza mbele saa za nchi nzima ili zilingane na za Ulaya ya kati. Hazijarudishwa hadi leo, na kila majira ya joto huongezwa saa moja nyingine. Basi mgeni anayeshuka kituo cha treni cha Santa Justa saa tisa akidhani makali ya mchana yanaisha, ajue ndiyo kwanza yanaanza. Joto hufikia upeo saa kumi na moja jioni hivi, na jua halizami mpaka karibu saa nne usiku.

Nilikwenda huko kutazama viwanja. Si vya mpira, bali vile vya katikati ya mji ambako mtu hukaa bure, akanunua karanga, akamsubiri mwenzake, akatazama wapita njia. Miji yetu ya mwambao imeingia mbio za kutengeneza viwanja vya namna hiyo. Vinapangwa pevingi, vinatiwa chemchemi ya maji yenye taa, vinapambwa kwa mitende ya bustanini, vinazinduliwa kwa ngoma. Halafu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni hakuna anayevikanyaga isipokuwa mlinzi, naye amejibanza nyuma ya jiwe la uzinduzi. Sevilla imepambana na tatizo hili kwa karne nyingi. Uwanja wake wa ndege, San Pablo, ulipima nyuzi 46.6 Julai 1995, na katika mji mdogo wa La Rambla, upande wa Córdoba, Agosti 2021 zilifika 47.6, rekodi ya Hispania nzima. Watu wanaoishi kwenye joto la namna hiyo bila kuacha kukaa nje lazima wanajua jambo.

Mkobani nilibeba vipimajoto viwili. Kimoja cha kawaida. Cha pili ni mpira wa tenisi ya meza uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ukatobolewa tundu la kupitishia kihisio hadi katikati. Watafiti wa hali ya hewa ya mijini hutumia vipira kama hivi kwa kuwa vile rasmi vya shaba, vyenye kipenyo cha sentimita 15, ni ghali na huchelewa kusoma. Kipira kinasema kile ambacho kipimajoto cha kawaida hakikioni. Hewa ya juani na hewa ya kivulini, hatua tatu kando, hazitofautiani sana, maana upepo huzichanganya. Kinachotofautiana ni mnururisho: miale inayoshuka kutoka juani, ile inayorudishwa na ukuta mweupe, na joto linalopanda kutoka kwenye lami chini ya nyayo. Ngozi inapokea vyote hivyo, na kipira pia. Ukikitoa kivulini ukakiweka juani kwa dakika kumi, kitapanda na kupanda huku mwenzake amekaa pale pale. Kwa hiyo anayekwambia leo ni nyuzi 38 amekupa habari nusu. Bado hajakwambia habari za mnururisho, upepo na unyevu.

Safari nyingi za ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Ulaya hupitia Ghuba, nami nikakatishia Doha kwa usiku mmoja. Mlango wa hoteli ulipofunguka miwani ilifunga ukungu papo hapo. Usiku wa Julai pale una fukuto ambalo mtu wa Tanga au Mombasa analijua, ila limezidishwa. Mtaa wa Msheireb, hekta 31 katikati ya mji, umejengwa upya kwa majengo yaliyosogezwa karibu karibu yatiliane kivuli, na njia zilizoelekezwa kupokea upepo wa baharini. Uwanja wake mkuu una paa la kufunguka na kufungwa. Mlinzi mmoja, kijana wa Kilifi, alinisikia nikizungumza peke yangu kwa Kiswahili, akasogea.

"Shikamoo mzee. Saa hizi ni nafuu. Ungekuja saa saba mchana ungekimbilia ndani mwenyewe."

Sheria ya kule inakubaliana naye. Tangu mwaka 2021 Qatar imekataza kazi za nje juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni mosi mpaka katikati ya Septemba. Tena ikaongeza kwamba kazi isimame saa yoyote endapo kipimo fulani kitavuka 32.1. Kipimo hicho kilibuniwa miaka ya 1950 Marekani, baada ya makuruta wa jeshi kuanguka kwa joto wakiwa mazoezini. Kinachanganya vipimajoto vitatu: chenye utambi uliolowa maji kinapewa uzito wa asilimia 70, kipira cheusi 20, na kile cha kawaida, ambacho sote tunakitazama kwenye simu, kinaambulia 10. Utambi uliolowa unapewa fungu kubwa kwa sababu unaiga mwili. Jasho linalodondoka halipozi. Linalopoza ni lile linalokauka, na penye unyevu mwingi halikauki.

Kutoka Madrid, treni ya kasi hufika Sevilla kwa saa mbili na nusu hivi. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia, ambayo nitayarudia.

Plaza de España ndiyo iliyo kwenye kila kadi ya posta. Msanifu Aníbal González aliisimamia kuanzia 1914 kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1929: jengo la nusu duara, mfereji, madaraja ya vigae, vibaraza 48 kila kimoja kwa jimbo lake. Kwa macho ni kazi tukufu. Kwa kukaa, mchana wa Julai, ni uwanja mbaya. Eneo la katikati limeachwa wazi lote, hakuna mti wala kitambaa, na watalii hulivuka kwa mwendo wa mtu aliyesahau jiko likiwaka, wakaishia chini ya matao ya varanda. Mwenyeji humwoni. Mfereji hausaidii kitu: maji yaliyolala wazi juani humpoza kidogo mno aliyekaa pembeni yake, na humrushia mng'ao usoni. Lakini ukitoka hapo tu, upo ndani ya bustani ya María Luisa, ambayo Mfaransa Jean-Claude Nicolas Forestier aliipanga kwa ajili ya maonyesho hayo hayo. Njia zake ni za vumbi la manjano, miti imekutana juu, mabenchi ya vigae yamezungukwa na vichaka. Kipira changu kilianza kushuka kabla sijachagua pa kukaa, na hapo ndipo walipokuwa wenyeji, mabibi na pepeo zao mkononi.

Maonyesho yale yale, na sehemu moja inatumika mchana na nyingine hapana.

Mtaa wa Santa Cruz, uliokuwa wa Wayahudi katika zama za kati, una vichochoro ambavyo watu wawili wenye mizigo hawapishani. Mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja hawezi kujihisi mgeni. Kuna hesabu nyuma yake. Katikati ya Julai jua la Sevilla likiwa juu kabisa hufikia nyuzi 74 hivi kutoka usawa wa ardhi, halisimami wima. Ukuta wa mita 10 ulio upande wa kusini hutupa kivuli cha karibu mita 3, na kichochoro chenyewe hakizidi hapo. Maana yake hata adhuhuri mtu hutembea kivulini. Kabla na baada ya hapo kuta hupokezana kazi.

Dar es Salaam hesabu hiyo inaharibika. Mwanzoni mwa Machi, tena mwezi wa Oktoba, jua hupita utosini kabisa, na ifikapo saa sita na nusu ukuta wa ghorofa kumi hautoi kivuli cha kumtosha paka. Bahati mbaya Machi ni miongoni mwa miezi ya kaskazi, joto limeshiba na unyevu umeshiba. Hapo ukuta hauna msaada. Kinachotakiwa ni kitu juu ya kichwa. Kuta za Mji Mkongwe hufanya kazi nzuri asubuhi na alasiri, na wazee wa barazani wanalijua hilo bila kupima: kahawa ya asubuhi hunywewa upande mmoja wa njia na ya jioni upande wa pili. Saa za katikati waliobaki ni wale walio chini ya roshani au mti.

Sierpes, barabara ya maduka katikati ya Sevilla, ni pana kuliko vichochoro vya Santa Cruz, na kuta zake hazitoshi. Kila mwaka, joto likikaribia, mafundi hutanda vitambaa vyeupe kutoka paa hadi paa na kuviteremsha vuli inapoingia. Desturi hii ina uhusiano wa zamani na maandamano ya kidini ya Corpus Christi, ambayo njia yake ilikuwa ikifunikwa ili waumini wasiungue. Nilisimama shingo nimeinua kutazama namna vinavyofungwa. Si turubai moja. Ni vipande vipande, kila kimoja kikining'inia kwenye nyaya kwa pete, na kati ya kipande na kipande kuna mwanya. Upepo ukija vinapunga. Hewa ya moto ikipanda hupenya kwenye mianya ikaondoka zake. Aliyewahi kukaa msibani chini ya turubai la plastiki lililofungwa pande zote anajua kinachotokea mwanya huo ukikosekana: jua halikupati, lakini turubai lenyewe limeshika moto na linakupikia kutoka juu.

Jioni nilihamia Alameda de Hércules, na kama ningelazimika kuchagua uwanja mmoja wa mji ule ningechagua huo. Kabla ya mwaka 1574 palikuwa na bwawa lenye harufu. Mkuu wa mji wakati huo, aliyekuwa na cheo cha kikabaila cha Conde de Barajas, akalikausha, akapanda milolongo ya miti, akaleta nguzo mbili za hekalu la Kirumi na kusimamisha juu yake sanamu za Hercules na Julius Caesar. Hutajwa kuwa miongoni mwa bustani za umma za kale zaidi Ulaya. Jambo la kushangaza ni kwamba mpango wake haukuhitaji kubuniwa upya: mstatili mrefu, miti pande zote, katikati pa kutembea. Ulikarabatiwa katika muongo wa kwanza wa karne hii, ukabaki hivyo hivyo, ila sakafu imegeuzwa rangi ya udongo wa manjano na kutiwa vitundu vinavyorusha maji watoto wakimbizane.

Rangi hiyo haikuchaguliwa kwa urembo tu, au hata kama ilichaguliwa hivyo, imepatia. Lami nyeusi juani hupita nyuzi 60, na joto lake hukupanda miguuni mpaka usiku. Sakafu nyeupe haichomi nyayo, lakini miale isiyoimeza huirudisha kwa mtu aliyesimama juu yake, na ukivuka uwanja mweupe mchana unaungua pande mbili. Ya katikati, isiyong'aa, iliyofunikwa na kivuli sehemu kubwa, ndiyo nafuu. Yenye kivuli kizito hata rangi yake haina maana sana.

Saa nne usiku Alameda ilianza kujaa. Saa tano watoto wa chekechea walikuwa bado wanacheza, nyanya wametoa viti. Nilirudi kupitia vichochoro vya mchana nikakuta vina joto kuliko uwanja. Kuta zilizokuwa zimekinga jua zilikuwa zimemeza sehemu yake, sasa zinalitoa, na kwa kuwa zinatazamana kwa karibu, joto hurudi kutoka ukuta huu hadi ule badala ya kupaa angani. Uwanja ulio wazi juu hupoteza joto lake upesi jua likizama. Basi mji unahama: mchana vichochoroni, usiku viwanjani. Mbunifu anayechora uwanja kwa ajili ya saa moja tu ya siku hajamaliza kazi.

Kisiwa cha Cartuja, ng'ambo ya mto Guadalquivir, ndipo yalipofanyika Maonyesho ya Dunia ya 1992, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Waandaaji walikuwa na tatizo lililokuwa wazi: mamilioni ya wageni, foleni ndefu, na Julai ya Sevilla. Wakawapa kazi wahandisi wa joto wa Chuo Kikuu cha Sevilla, na kundi hilo likafanya jaribio ambalo hadi leo hutajwa katika vitabu vya fani hii. Walipanda miti na kutengeneza vibanda vya mimea itambaayo, wakatumia kuta za maji, wakachimba sehemu za kukaa chini ya usawa wa njia ili hewa baridi, ambayo ni nzito, itulie humo. Kwenye Barabara ya Ulaya walisimamisha minara 12 ya vitambaa vya rangi, mmoja kwa kila nchi mwanachama wa Jumuiya ya Ulaya wakati ule. Juu ya mnara ukungu wa maji ulinyunyizwa. Hewa ikapoa, ikawa nzito, ikashuka yenyewe ndani ya mnara hadi vichwani mwa watu bila feni. Tufe kubwa la mabomba lililokuwa likipuliza ukungu bado lipo, na wapita njia wengi hudhani ni sanamu.

Hapa ndipo mtu wa pwani yetu anapotakiwa kuwa mwangalifu. Ukungu unapoza kwa sababu tone la maji likigeuka mvuke hunyang'anya hewa joto. Kiasi cha upozaji kinategemea ukavu wa hewa, na mpaka wake ni kile kipimajoto chenye utambi uliolowa: hewa haiwezi kupozwa kwa maji chini ya hapo. Sevilla, nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 20, utambi uliolowa husoma karibu 23. Kuna nyuzi 17 za kuchezea. Unguja, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, utambi husoma 28. Zimebaki nne, na kuzipata zote nne kunamaanisha kuijaza hewa unyevu mpaka jasho lisikauke tena. Nimekaa kwenye mikahawa ya ufukweni Dar es Salaam yenye feni za ukungu. Meza hulowa, miwani hulowa, karatasi ya oda hulowa. Feni zenyewe zingeachwa zipulize hewa tupu ilivyo, mteja angepata nafuu kubwa zaidi, kwa sababu upepo ndio unaokausha jasho pale ambapo hewa haitaki.

Siku hizi Cartuja ina mradi mwingine uliolipiwa kwa sehemu kubwa na Umoja wa Ulaya, CartujaQanat, kwenye barabara ya Thomas Alva Edison. Jina limetoka Uajemi, ambako mifereji ya chini kwa chini ilileta maji mjini na kupoza hewa iliyopita juu yake. Hapa maji hupozwa usiku yakisambazwa juu ya paa chini ya anga tupu, yakahifadhiwa ardhini, na mchana yakatumika kupoza hewa inayopulizwa kwenye eneo la kukaa lililochimbwa nusu chini ya ardhi. Ni hodari, na inavutia wageni wenye madaftari. Sikuweza kuacha kufikiri kwamba inahitaji pampu, fundi na bili ya umeme ili kumpa mtu kile ambacho bustani ya María Luisa inampa bure, ukiacha mshahara wa mtunza bustani. Watetezi wake watajibu kwamba mti haukui kwa siku moja, na katika hilo wana hoja.

Turudi mjini, Plaza de la Encarnación. Mwaka 2011 ulifunguliwa hapo muundo mkubwa wa mbao ambao wenyeji wanauita Uyoga, kazi ya msanifu Mjerumani Jürgen Mayer: urefu wa mita 150 hivi, upana 70, kimo 26, mbao za tabaka zilizotoka Finland. Chini kuna soko na mabaki ya nyumba za Kirumi yaliyoibuliwa wakati wa kuchimba. Gharama yake ilipita makadirio kwa mbali, na ugomvi juu yake haujaisha. Mimi naupenda kuliko nilivyotarajia, ila kama mwavuli una kasoro: ni wavu wa mbao wenye matundu, na jua likiwa juu hupenya kwa mabaka. Aliyekaa ngazini hujikuta akisogea kila baada ya dakika chache kulifuata baka la kivuli. Mbao zimesimamishwa wima, kwa hiyo jua la kuinama zinalizuia vizuri, na alasiri inapozidi ndipo ngazi zinapoanza kukalika.

Kivuli kimekuwa siasa kule. Mwaka 2022 Sevilla ilikuwa ya kwanza duniani kuyapa majina mawimbi ya joto, kama vimbunga vinavyopewa, kuanzia herufi ya mwisho ya alfabeti. La kwanza, Zoe, lilifika Julai mwaka huo. Agosti, wiki chache baadaye, mitambo ya kukata miti ilifika mtaa wa Triana kuondoa mti mkubwa wa jamii ya mikuyu wenye zaidi ya karne moja, mbele ya kanisa la San Jacinto. Sababu iliyotolewa ni usalama: matawi yaliwahi kuanguka na mizizi ilidaiwa kudhuru jengo. Watu walijikusanya, wengine wakapanda mtini, na hakimu akaamuru kazi isimame wakati sehemu kubwa ya matawi iko chini tayari. Nilipopita, shina lilikuwa limechipua. Machipukizi yalikuwa mengi na ya kijani kibichi, lakini kivuli chake kilikuwa bado si cha kukalia.

Wasomaji waliokwenda Umra watasema wameona kitu kikubwa zaidi ya vyote hivi, na ni kweli. Viwanja vinavyouzunguka Msikiti wa Mtume, Madina, vina miavuli 250, kila mmoja ukiwa na upande wa mita 25 na ushei, iliyobuniwa na Mjerumani Bodo Rasch, mwanafunzi wa Frei Otto. Ufundi wake hauko kwenye ukubwa tu. Asubuhi hufunguka, jioni hujikunja yote ikawa minara membamba, na sakafu ya marumaru iliyolindwa mchana kutwa inaachwa itazame anga na kutoa joto lake. Ni kanuni ile ile ya Alameda, ila kwa injini. Feni zilizofungwa kwenye nguzo hupuliza ukungu, na Madina ukungu unafanya kazi kwa kuwa hewa ni kavu kama ya Sevilla. Nje ya vivuli vya namna hiyo hali ni ya kutisha. Katika Hija ya mwaka 2024, Makka ikipima hadi nyuzi 51.8, Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema wengi wao walikuwa mahujaji wasio na vibali waliotembea umbali mrefu juani bila hema wala pa kupumzikia.

Kwa hiyo nini cha kubeba kurudi nacho mwambao? Si minara ya ukungu. Si vichochoro peke yake, kwa kuwa jua letu halina adabu ya kuinama. Baada ya safari nilipokwenda Forodhani, Unguja, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa taasisi ya Aga Khan, nilikuwa na kipira mfukoni. Bahari iko magharibi. Alasiri jua huja kwa usawa wa macho kutoka kwenye maji, na mwavuli ulio juu haulizuii. Kinachozuia ni shina, ukuta wa bahari, au mgongo wa mwenzako. Hilo hakuna mtu wa Sevilla anayeweza kukuchorea. Upande mwingine, Forodhani ina kile ambacho Sevilla ingelipa mamilioni kukipata: upepo. Kusi ikivuma, mtu aliyekaa kivulini pale huhisi nafuu ambayo kipimajoto cha simu hakiioni. Basi kosa kubwa la uwanja wa pwani ni kuuzungushia ukuta mrefu wa matofali. Uzio wa nondo au wa mashina ya miti huzuia vibaka vile vile na kuacha hewa ipite.

Mombasa, kwenye ufuko wa Mama Ngina uliotengenezwa upya mwaka 2019, watu hujipanga mchana pale mibuyu ya zamani ilipo, na ngazi mpya za zege huwasubiri mpaka magharibi. Mibuyu yenyewe ni mibahili: katikati ya kiangazi hupukutisha majani, ikabakiza shina tu. Hata hivyo shina la mbuyu ni pana, na chini yake hukosi muuza mihogo.

Kinachofaa zaidi kwetu ni miti yenye matawi mapana: mkungu, ambao matawi yake hutanda kwa ghorofa, mwembe, mwarobaini, mkwaju. Wachora ramani wanaijua. Wakandarasi wanaijua pia, na ndiyo maana wanaikwepa. Mtende wa mapambo huletwa ukiwa mrefu tayari, unapendeza siku ya uzinduzi, haudondoshi majani kila siku, na mizizi yake hainyanyui pevingi. Saa sita mchana kivuli chake kinamtosha mtu mmoja mwembamba, asimame. Mkungu unataka shimo pana la udongo mzuri chini ya pevingi, nafasi ya kutosha kati yake na mwenzake, mfagizi wa majani mekundu yanayopukutika, na maji ya boza kwa misimu miwili au mitatu ya kiangazi kabla haujajitegemea. Miche mingi hufa katika mwaka wa pili, wakati mkandarasi ameshalipwa na kuondoka na halmashauri haina fungu la kumwagilia. Sevilla huwalipa mafundi kutanda na kuteremsha vitambaa kila mwaka, na haioni kwamba ni hasara. Ningependa kuona zabuni moja ya uwanja, Tanga, Mtwara au Malindi, ambayo fungu la boza la maji ni la miaka mitatu, hata kama itabidi chemchemi ya taa ifutwe ili kulilipia.